Kitundu Nilichokiziba Kamsamba

Binti mkubwa wa Kapteni Ezekia alinipigia simu asubuhi nikiwa na pampu ya lori mezani, mikono imejaa dizeli mpaka viwikoni, nikamweka kwenye spika. Akasema baba amefariki, mazishi Jumamosi, nyumbani kwao Mbozi kwenye shamba la kahawa. Nikasema pole sana dada, nitakuja. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha, "Na yule Fundi Festo wa Nanyala naye tumempata. Amesema atafika." Nikamshukuru, nikarudi kwenye pampu ya watu, na baada ya muda nikagundua nilikuwa nazungusha bolti upande wa kukaza. Nina miaka arobaini na sita. Karakana hii hapa Tunduma ni yangu, nina mafundi watano chini yangu, na madereva wa Ndola na Lubumbashi wakikwama kwenye foleni ya mpaka wananiulizia kwa jina la Mama Pampu. Si mtu wa kuogopa ovyo. Siku ile niliogopa, nikawafukuza mafundi wakanywe chai mapema ili nibaki peke yangu na uoga wangu.

Ya kuzaliwa kwangu na ya wazazi wangu nayaacha, hayamhusu mtu hapa. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na tatu, tena si mwaka mzima bali tangu mvua za kwanza mpaka maji yalipopungua. Nilikuwa kibarua katika karakana ya pampu na nozeli, mwanamke peke yangu kati ya wanaume saba. Mkuu wetu alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia mpaka tukawa tunaiota: pampu inayotoka jasho hairudi kwa mteja. Ukiona unyevu, unafungua. Ukiona tone, unaziba. Siku moja akaingia mzee mrefu, shati limechomekewa, akatoa mfukoni kitu cha mviringo kisichozidi kopo la kiwi ya viatu, akauliza nani anaweza kukifungua na kukifunga bila kukiua. Wenzangu wakacheka, wakauliza kama ni pampu ya kuku. Mimi nilikifungua. Ndani mlikuwa na ngozi nyembamba ya mpira na vifuniko viwili vidogo, basi. Mzee akanitazama mikono, hakunitazama uso, akasema anahitaji fundi wa msimu mmoja huko bondeni, Kamsamba, kwenye kindege chake.

Huyo ndiye Kapteni Ezekia. Alizaliwa Mbozi, akarusha ndege za watu wengine kwa miaka mingi, alipostaafu akajinunulia kindege cha mabomba na kitambaa, viti viwili, injini nyuma ya vichwa vya abiria. Watu wa Kamsamba walikiita pikipiki ya juu, na kusema kweli hawakuwa mbali sana. Umoja wa wakulima wa bondeni ulikuwa umemtaka azungukie mashamba ya mpunga na mtama msimu mzima, atafute mahali kweleakwelea wanapolala, ili wanyunyizaji wajue pa kwenda kabla ndege hao hawajamaliza mavuno. Tulikuwa watatu: yeye, mimi wa injini na pampu, na Festo wa umeme, kijana wa Nanyala aliyekuwa amenizidi mwaka mmoja, mpole, mwenye utani wa chini chini. Tulipanga kwa Mama Minza, mwanamke wa Kisukuma aliyehamia bondeni na mumewe na ng'ombe wao. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Mimi nililala kwenye chumba cha magunia ya mtama, na mpaka leo nikisikia harufu ya mtama mkavu mwili wangu unajikunja wenyewe, kama umeambiwa usogee gunia lipite.

Siku ya kwanza Kapteni alinisimamisha nyuma ya injini akanionyesha pampu mbili. Ya kwanza ile ndogo, haina umeme, inaendeshwa na pumzi ya injini yenyewe: injini inavuta na kusukuma hewa ndani ya tumbo lake, pumzi hiyo inapita kwenye mpira mfupi mpaka kwenye pampu, inaitikisa ile ngozi, petroli inapanda. Ya pili ya umeme, ina swichi yake na fyuzi yake, hiyo ndiyo ya akiba. "Lori likikuzimikia unashuka, unakata matawi, unayapanga barabarani," akasema. "Hii ikikuzimikia, matawi utayakuta mwenyewe huko chini." Kisha akaacha utani. Akasema pampu mbili si kwa sababu moja ni mbovu. Ni kwa sababu hujui ipi itakufa kwanza, na hata siku ya kuzikwa kwako hutakuja kuambiwa. Kila Jumatatu nizime ya umeme, nikifunge kindege kwa kamba kwenye gogo, niwashe injini, niinyanyue mwendo mpaka juu kabisa kwa dakika tano, nione kama pampu ndogo inabeba peke yake. Nilisema ndiyo Kapteni. Nilikuwa na haraka ya kusema ndiyo siku zile.

Mvua zikaja, mto Momba ukafurika, na barabara ya kupanda kwenda Mlowo ikakatika. Kuanzia hapo tulikuwa tumefungiwa. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Wenyeji walikuwa wamezoea, waliweka akiba ya chumvi na mafuta ya taa wakatulia. Mimi sikuzoea. Kiwanja chetu cha kurukia kilikuwa ndio ardhi kavu pekee, hatua mia nne na kidogo kwa urefu, nilizipima mara nyingi kuliko nilivyokuwa na sababu. Simu ilishika mtandao juu ya kichuguu kimoja tu, na ukipanda hapo watoto wote wanakuja kusikiliza. Asubuhi Mama Minza alitusalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, tunaitika, tunakunywa uji; mchana ugali wa mtama na maziwa ya mgando; jioni ugali huohuo na mlenda. Kapteni na Festo wakirudi kutoka angani walikuwa na kitu cha kusimulia, viboko, maji yaliyofika wapi, wingu la kweleakwelea lililogeuka mbele yao. Mimi nilikuwa na hatua mia nne na injini. Nilianza kumwonea Festo wivu kwa sababu tu alikuwa anaondoka na kurudi.

Halafu nikasikia nisichopaswa kusikia. Ukuta wa chumba changu ulipakana na jiko, na Kapteni alipenda kukaa jikoni kwa Mama Minza kuota moto mvua ikinyesha. Alasiri moja nilikuwa nimelala juu ya magunia, nikamsikia akisema kuna karakana ya ndege Arusha, rafiki yake wa zamani ndiye msimamizi, wamempa nafasi moja ya kumpeleka kijana akasome kazi. Moja tu. Mama Minza akauliza utampeleka nani, huyu binti au yule kijana. "Binti ana mikono," Kapteni akasema, "lakini nadhani Festo. Festo anafunga waya kama anayembeba mtoto mgongoni. Hana haraka." Mama Minza akasema haya, na moto ukalia pale alipousogeza. Mimi nikabaki nimelikodolea bati macho. Nilijua kabisa kwamba nisipopata ile nafasi nitarudi kwa wanaume saba na sheria ya jasho, na nitakufa kibarua.

Sasa, ile pampu ndogo ilikuwa na tabia moja. Kila jioni, injini ikiwa imepoa, chini yake lilining'inia tone la oili nyeusi. Moja tu, dogo. Nalifuta, kesho liko. Festo aliliona akasema, "Dada Tabi, pampu yako ina mafua." Alikuwa anatania tu, lakini mimi tangu siku ya jikoni sikuwa nasikia utani wake kama utani. Nikaikagua kwa kioo, nikakuta chini ya kopo kitundu chembamba, hata sindano ya kushonea ingepita kwa tabu. Mtu mwingine yeyote angejiuliza kwa nini kiwanda kitoboe tundu lililonyooka namna hiyo. Kitabu cha injini kilikuwepo, cha Kiingereza, na kwenye mchoro wa pampu kulikuwa na mshale unaoelekea palepale na maneno pembeni. Mimi niliangalia picha. Kumwuliza Kapteni maneno yale yana maana gani ilikuwa sawa na kumwambia mpeleke Festo. Kwa mtu aliyelelewa kwenye karakana za Tunduma, tone ni ugonjwa na dawa yake inajulikana. Nikachukua silikoni nyeusi ya kuzibia gasketi, nikabonyeza kidogo kwa ncha ya kidole, nikalainisha pembeni ionekane nadhifu. Kesho yake chini pakawa pakavu. Kapteni akapita, akainama, akapitisha kidole chini ya pampu, akakitazama. "Safi," akasema. "Hii ndiyo kazi." Nilifurahi siku nzima, na sina aibu kusema kwamba nilimtazama Festo aone nimesifiwa.

Kitundu kile kilikuwa njia ya kutokea. Pumzi ya injini inakuja na mvuke wa oili, mvuke unaganda upande wa pili wa ile ngozi, na oili inayojikusanya inadondoka kupitia pale. Ukiziba, oili inabaki ndani, siku baada ya siku, mpaka ngozi inakuwa inatikisika ndani ya oili badala ya hewa, na mwisho haitikisiki tena ya kutosha. Leo hilo ndilo jambo la kwanza ninalowafundisha vijana. Na majaribio ya Jumatatu je? Mara ya kwanza nilipoinyanyua injini mpaka juu, ndama wa Mama Minza walivunja boma wakatawanyika kwenye maji, mumewe akashinda akiwatafuta bila kusema neno, jambo lililonitesa kuliko angenitukana. Tangu hapo Jumatatu niliiwasha taratibu tu, ya kunguruma kidogo. Injini iliyolegezwa inakunywa petroli kidogo, hata pampu mgonjwa inaimudu. Nami nikaandika kwenye daftari la Kapteni kila wiki: pampu ya injini, nzima. Angani yeye aliruka chini chini juu ya mashamba, na kwa usalama aliziacha pampu zote mbili zimewashwa, kwa hiyo ile ya umeme ilikuwa inafanya kazi ya zote mbili na hakuna aliyejua.

Festo akashikwa na malaria. Kapteni hakutaka kupoteza siku kwa sababu mpunga ulikuwa unaanza kukomaa, akaniambia vaa kofia, leo wewe ndiye macho yangu. Nikakaa kwenye kiti cha Festo. Sitasema uongo, nilikuwa na furaha ya kitoto: zile hatua mia nne ziliisha chini ya miguu yangu mara moja, nyumba ya Mama Minza ikawa ndogo, na bonde lote likawa maji yanayong'aa na visiwa vya majani. Tuliruka labda nusu saa. Nilikuwa nanyoosha kidole kumwonyesha miti iliyojaa ndege injini ilipokohoa, ikashika, ikakohoa tena, ikazimika. Nilichokikumbuka zaidi baadaye ni jinsi nilivyosikia vizuri ghafla: upepo kwenye nyaya, na Kapteni akivuta pumzi. Akapandisha na kushusha swichi ya pampu ya umeme mara tatu. "Kaza mkanda, mwanangu," akasema, na hakusema lingine mpaka chini. Alitupeleka kwenye mwinuko uliokuwa na boma la ng'ombe lililohamwa, maji pande zote, akakilaza kindege kwenye matope hata sikuumia. Magurudumu yalizama mpaka kwenye ekseli.

Hapo tulikaa siku nne. Ndani ya saa ya kwanza tayari nilijua. Kapteni alikuwa mbele akifuata waya, nami nikazunguka nyuma nikatazama pampu, nikaona ile silikoni yangu, nyeusi, nadhifu. Nikaishika kwa kiganja, nikaiinua kidogo. Ilikuwa nzito. Sijui niseme vipi, pampu ile nilikuwa nimeishika mara nyingi nayajua mambo yake, na sasa ilikuwa na uzito wa kitu kilichojaa. Mbele Kapteni akaita. Fyuzi ilikuwa imekatika, na waya wa pampu ya umeme ulikuwa umesuguka kwenye bomba, pale kibanio kilipolegea, hadi shaba inaonekana. Chini ya kiti, imebandikwa kwa utepe mweusi, kulikuwa na fyuzi ya akiba. Festo aliiweka bila kuambiwa na mtu. "Angalau hilo alilifanya," Kapteni akasema. Kisha akakaa juu ya gurudumu, akanitazama. "Haya, ya umeme imekufa. Na hii ya injini? Kwa nini haikubeba?" Nikasema sijui, Kapteni.

Ardhi ilikuwa laini mno kurukia, ilibidi tusubiri ikauke na mvua ipumzike. Tulikula michembe aliyotufungia Mama Minza, tukitafuna viazi vile vikavu polepole ili vidumu, tukakinga maji ya mvua kwa kitambaa cha bawa. Kapteni alikuwa mtu wa kuongea akiwa hana kazi. Aliniambia habari za ile nafasi ya Arusha, hakujua nimeshaisikia. Alisema barua ya kumpeleka mtu alikuwa tayari ameianza kichwani, na jina alikuwa ameliweka la Festo, na sasa anaona alitaka kukosea. "Mtu anaweza kunidanganya kwenye mambo mengi," akasema, "nikasamehe. Kwenye petroli sisamehe." Nilikaa mita mbili kutoka kwake, maji mbele yangu, maji nyuma yangu, na kila sentensi yake ilikuwa inanifungia mlango mmoja zaidi. Nilijiambia nitasema kesho. Nilijiambia nitasema tukishafika, watu wakiwepo, ili asinipige. Na Kapteni hakuwahi kumpiga mtu maishani mwake. Uoga ukishakaa huwa unatafuta sababu zake wenyewe, hausubiri za kweli.

Siku ya tatu mchana alivua viatu akaenda kupima kina cha maji kwa fimbo. Nilichomoa pini kwenye kitambaa changu cha kichwani, nikapiga magoti, nikaichokoa silikoni mpaka ikang'oka kama kipande cha ngozi ya kidonda. Oili nyeusi ikatoka, si tone, ilitiririka, kijiko kizima na zaidi, ikaingia kwenye matope. Nikaikanyaga na kuichanganya kwa kisigino. Kile kipande cha silikoni nikakitupa majini, kikaelea, hakikuzama, nikakaa nakiangalia nikiomba kiondoke kabla hajarudi. Alasiri tukakata kipande cha waya kilichosuguka, tukauunga, tukaweka fyuzi, tukakifunga kindege kwenye nguzo za boma, akazima pampu ya umeme akainyanyua injini mpaka juu kabisa. Ikabeba. Dakika tano, kumi, ikabeba bila kusita. Alizima, akabaki amejishika kiuno, amekunja uso. "Mbona sasa inavuta?" akauliza, akijiuliza mwenyewe zaidi kuliko mimi. Akafikiri sana. Mwisho akasema, "Labda pampu ya umeme ilipokufa ilinasa, ikaibana njia nzima. Tukigusagusa hapa ikaachia. Ile aliyoifunga Festo."

"Labda," nikasema.

Nimesema maneno mengi maishani, mengine ya matusi, na madereva wa malori ni mashahidi wangu. Hakuna ninalolijutia kama hilo la silabi mbili.

Siku ya nne mwinuko ulikuwa umekauka kiasi, tukaruka, tukarudi. Festo alikuwa mlangoni kwa Mama Minza amejifunika blanketi, amekonda, alikuwa akituombea tangu siku ya kwanza, Mama Minza alinieleza baadaye. Kapteni hakumpa hata nafasi ya kufurahi. Alimwekea mkononi kile kipande cha waya uliosuguka. Festo akakitazama, akasema, "Kapteni, waya ni wangu. Kibanio nilikifunga mimi, sikatai. Lakini hata huu ukikatika, ile pampu ya injini si ipo? Si ndiyo kazi yake?" Hakuna aliyeuliza swali sahihi kama hilo mwaka ule wote, na aliyeliuliza alikuwa na homa. Kapteni akasema pampu ya injini tumeijaribu, ni nzima, ni ya kwako iliyobana njia. Akageuka kwangu. "Fundi, inavuta haivuti?"

"Inavuta," nikasema. Na kweli ilikuwa inavuta.

Wiki iliyofuata maji yakashuka kidogo, mtumbwi ukaweza kuvuka, na Festo akaondoka na sanduku lake la vifaa kichwani. Mama Minza alimfungia michembe. Mimi nilimsindikiza mpaka ukingoni kwa sababu kutomsindikiza kungeonekana. Alikuwa bado dhaifu, akapumzika akikaa juu ya sanduku, akaniambia, "Dada Tabi, uwe unaitazama tazama ile pampu yako. Mimi bado siielewi." Hakuwa ananishuku, nataka ieleweke hivyo. Alikuwa ananionea huruma, kwamba nitabaki na mashine asiyoielewa. Nikamwambia safari njema.

Barua ya Arusha iliandikwa jina langu. Maji yalipokwisha kabisa, mwezi wa tano, lori la mpunga lilinipandisha mpaka Mlowo, na njia nzima nilikuwa nimeamua: nitakwenda Nanyala kwanza, nimwambie, kisha nimwandikie Kapteni. Pale stendi ya Mlowo Coaster ya kwenda Mbeya ilikuwa upande mmoja wa barabara, hiyo ndiyo ingenishusha Nanyala, na ya Tunduma upande mwingine. Kondakta wa Mbeya alinishika begi akaniuliza unashukia wapi, mama. Nikamnyang'anya begi langu, nikavuka barabara, nikapanda ya Tunduma. Arusha nilisoma, nikafaulu, nikafanya kazi na pampu za ndege miaka kadhaa, nikarudi, nikafungua hii karakana. Kapteni alikuwa akipita mara mojamoja kunywa chai, anakaa kwenye kiti kilekile karibu na mlango, anaangalia vijana wangu, anafurahi. Kila mara nilijiambia leo. Na kila ninapokwenda Mbeya kuchukua vipuri lazima nipite Nanyala, kwa kuwa barabara ni hiyohiyo moja, na kwa miaka yote hiyo tukikaribia pale huwa natazama dirisha la upande wa pili. Dereva wangu anadhani nachukia vumbi la pale.

Jumamosi Kapteni alizikwa nyuma ya nyumba, mwisho wa mistari ya kahawa. Nilitupa udongo wangu nikijua kwamba kwake nimechelewa moja kwa moja. Baadaye tukaketi chini ya turubai, wakaleta ugali, maharage, kabichi na nyama, na mtu akaja akakaa mbele yangu na sahani yake, kichwa kina mvi, tumbo limekuja, akasema, "Dada Tabi," kama tuliachana juzi. Hakuna aliyeniita hivyo tangu Kamsamba. Tukaulizana afya, watoto. Ana duka la kufunga umeme na sola. Akacheka akasema pale kwao wanamwita Fundi Mbilimbili, kwa sababu hafungi kitu kimoja kimoja: mteja akitaka swichi moja anamwekea na ya akiba, akitaka njia moja ya waya anapitisha mbili, mpaka wanamchoka. "Ni ile ya mwaka ule," akasema. "Huwa nawaambia vijana wangu, mimi niliwahi kukaribia kuua watu wawili kwa pampu niliyoifunga vibaya. Mmoja wao dada mmoja mwema sana. Nawaambia mpaka leo sijaelewa nilikosea wapi, kwa hiyo wao waogope kila kitu." Alisema hivyo huku akimega ugali.

Nikaiweka sahani chini. Nikamwambia, "Festo, hukukosea. Pampu yako haikubana kitu. Ile ndogo ndiyo haikuvuta, na mimi ndiye niliyeiua. Niliziba kitundu chake, kisha nikakizibua kabla Kapteni hajaona." Niliyasema haraka, yote kwa pumzi moja.

Alinawa mikono kwenye bakuli, kidole kimoja kimoja, akajifuta kwa leso. "Waya?" akauliza. Nikamwambia waya ulisuguka kweli, huo ulikuwa wake. Lakini fyuzi ilikatika kama fyuzi inavyotakiwa, na injini haikupaswa hata kukohoa. Nikamwambia fyuzi aliyoibandika chini ya kiti ndiyo iliyoturudisha. Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Macho yake yalikuwa yamejaa, na sikuona msamaha ndani yake, wala sikuona hasira. Niliona mtu anayepiga hesabu ya miaka. Nilianza kusema nisamehe. Akainua mkono kunizuia.

"Mama Tumaini," akaita, bila kuniondolea macho. Mwanamke mnene mwenye kitenge cha msiba akainuka kwenye mkeka wa akina mama akaja, akinipa mkono kwa heshima, shikamoo dada. Festo akamsogezea benchi. "Kaa hapa," akamwambia mkewe. "Huyu ndiye yule dada." Kisha akanigeukia.

"Rudia," akasema. "Tangu mwanzo, polepole, na usiruke kitu. Nataka asikie kwako."

Nikaanza na lile tone.